Safari ya Mwisho ya Bi Mkubwa

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na karakana nzima ya reli ilikuwa imeshamsikia Sindano akikohoa. Maseremala walijua, wapaka rangi walijua, hata yule mlinzi wa getini ambaye ukimuuliza leo ni siku gani anakuna kichwa, hilo alilijua: mshona viti wao na Mkaguzi wa tiketi wanapendana kufa. Kwa miaka mitatu aliyekataa kusikia alikuwa mtu mmoja tu, na kwa bahati mbaya mtu huyo ndiye aliyemzaa Sindano.

Asubuhi hiyo Sindano alikuwa amepiga magoti katika chumba namba nne cha behewa la tatu, sindano yake iliyopinda mkononi, akishona pindo la kiti cha ngozi ya kijani. Treni ilikuwa iondoke saa mbili, na ilikuwa safari yake ya mwisho. Mabehewa yale ya mbao yangevutwa mpaka mwisho wa njia yakaachwe huko, na treni mpya ya umeme ingeshika kazi. Watu walikuwa wameshaipa jina hiyo mpya, Bi Mdogo, kwa sababu hii ya zamani siku zote waliiita Bi Mkubwa. Msimamizi alimwambia Sindano asijisumbue na kiti cha treni inayokwenda kufa. Hakumsikiliza. Viti vyote vya Bi Mkubwa vilikuwa vimepita mikononi mwake, na hakutaka bibi wa watu aondoke na mshono uliofumuka.

"Unaremba bibi harusi au unaosha maiti?"

Hakugeuka. Sauti ile angeijua hata ndani ya handaki.

"Inategemea nani anauliza."

Mkaguzi aliingia akafunga mlango nyuma yake. Koti lake la buluu lilikuwa limepigwa pasi, kofia iko kwapani, lakini uso haukuwa wa utani. Sindano akaacha kushona.

"Barua imekuja," Mkaguzi alisema. "Nimehamishiwa mwisho wa njia. Naondoka na treni hii."

"Unarudi lini?"

"Treni yenyewe hairudi, mpenzi. Mimi nirudi na nini?"

Sindano alikaa sakafuni. Hakulia; machozi yake yalikuwa na tabia ya kuchelewa, yanakuja wakati watu wameshaondoka. Alimtazama mwanamume yule kuanzia viatu mpaka paji la uso, akaona jinsi alivyokonda, akajua kwamba barua hiyo haikufika leo.

"Umeijua tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili! Tumekula pamoja, tumecheka pamoja, na wewe una barua mfukoni?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuomba kitu ambacho ulishanikatalia." Alichutama mbele yake. "Twende wote. Leo. Baba naye anahamia huko na mimi, vitu vyetu viko behewa la mizigo. Nafasi ipo. Tutafunga ndoa huko huko."

"Bila radhi ya baba yangu?"

"Baba yako hajaitikia shikamoo yangu hata siku moja, Sindano. Nimekwenda kwenu mara tatu. Nimesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma Sindano kuliko yote. Mtu anaweza kukunyima binti yake, ana haki. Lakini kuiacha shikamoo ya mtu ining'inie hewani, bila marahaba, ni kumwambia kwamba humhesabu miongoni mwa walio hai.

"Nilikwambia tangu mwanzo," Sindano alisema polepole. "Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Baba alinisuka nywele mwenyewe, kwa mikono ile ya grisi. Siwezi kutoka nyumbani kwake kwa mlango wa uani."

"Najua. Ndiyo maana nimepanga abiria mwenyewe leo." Mkaguzi aligeuka kuutazama mlango. "Babako amealikwa, kama wastaafu wote, na wewe unamsindikiza. Babangu pia yumo. Nimewaweka chumba kimoja. Hiki."

Sindano alisimama ghafla mpaka mkebe wa uzi ukamwagika. "Una wazimu? Watauana!"

"Wana miaka sabini na ushee. Wataanzia wapi?"

Alitaka kumkasirikia, na kweli alikasirika, lakini kicheko kilimponyoka kabla ya hasira. Mkaguzi akamsaidia kuokota uzi. Vidole vyao vilikutana chini ya kiti na hakuna aliyeondoa chake mpaka honi ya kwanza ilipolia.

Sasa, msomaji, ugomvi wa wazee hawa wawili ulikuwa na umri sawa na Sindano mwenyewe: miaka ishirini na saba.

Baba yake, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Honi, alikuwa dereva wa Bi Mkubwa. Baba yake Mkaguzi, Bwana Steshini, alikuwa mkuu wa Kituo cha Kumi na Moja. Walikuwa marafiki wa chanda na pete. Njia ya reli ile ni moja tu, treni haziwezi kupishana ila vituoni, kwa hiyo kila kipande cha njia kati ya vituo viwili kilikuwa na kibali chake: sahani ndogo ya shaba iliyochongwa namba za vituo hivyo, ikafungwa kwenye ringi kubwa ya chuma. Dereva akifika kituoni anairudisha shaba ya kipande alichotoka, anapewa ya kipande anachokwenda. Anaisoma kwa sauti, mkuu wa kituo anaitikia, ndipo treni inaondoka. Huna shaba, huna njia. Watoto wa reli walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuhesabu.

Siku aliyozaliwa Sindano, Bi Mkubwa aliondoka Kituo cha Kumi na Moja na shaba isiyo yake. Ilikuwa ile ile aliyokuja nayo, amerudishiwa. Mbele, kwenye kona ya daraja, alikutana uso kwa uso na treni ya mizigo. Kwa kudra ya Mungu madereva wote wawili walikuwa wameshika breki, hakufa mtu, ila walivunjika viungo watu kumi na tisa. Mbele ya baraza la uchunguzi Mzee Honi alisema: niliisoma shaba, nikaona si yenyewe, nikamuuliza mkuu wa kituo, akanijibu nenda tu njia iko wazi. Bwana Steshini akasema: nilikosea kumpa, hilo nakiri, lakini hakuisoma wala hakuniuliza. Msaidizi wa dereva aliunga mkono maneno ya mkuu wake. Bwana Steshini akafukuzwa kazi, akatoka nyumba ya kituo na mke na mtoto wa miaka minane, akawa mlinzi wa ghala. Mzee Honi akapewa cheti, kwa sababu alipiga honi mfululizo tangu kituoni mpaka darajani, na honi hiyo ndiyo iliyomshtua dereva wa mizigo akashika breki mapema. Jina likamganda.

Tangu hapo kwa Mzee Honi mkuu yule wa kituo alikuwa "mtu aliyetaka kuniua", na siku ya kuzaliwa ya Sindano haikuwahi kusherehekewa. Kila mwaka ikifika, baba alijifungia chumbani.

*

Saa mbili kasoro dakika tano Mzee Honi aliingia chumba namba nne, amevaa koti lake la zamani lenye vifungo vya kampuni. Alipapasa ngozi ya kiti, akavuta mkanda wa dirisha, akalishusha na kulipandisha, akacheka peke yake.

"Kiti hiki umeshona wewe?"

"Mimi, baba."

"Mshono umenyooka." Kwake hiyo ilikuwa sifa ya mwaka mzima. "Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakulaza hapo juu, kwenye kile kitanda cha kukunja. Unakumbuka? Ulikuwa huwezi kulala mpaka treni iondoke. Ikiondoka tu, kwishne."

"Nilikuwa nasikiliza magurudumu. Uliniambia yanasema *nakuja, nakuja, nakuja*."

"Ndivyo yanavyosema. Hiyo Bi Mdogo yenu ni bubu, inateleza tu kama nyoka."

Sindano alikuwa anatabasamu mlango ulipofunguliwa. Mzee mwembamba aliingia, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni, saa ya mnyororo mkononi. Alimwona Mzee Honi. Akaitazama tena tiketi yake, kama mtu anayetumaini macho yamemdanganya.

"Shikamoo, mzee," Sindano alisema haraka.

Bwana Steshini hakujibu. Alikuwa anamtazama baba.

"Chumba hiki kina mtu," Mzee Honi alisema.

"Tiketi yangu inasema namba nne."

"Tiketi yako imeandikwa na mwanao."

"Yangu imeandikwa na mwanangu, na yako pia. Ulidhani nani amekuandikia, Mungu?"

Mzee Honi alichukua kofia yake. "Sindano, tunashuka."

Na wakati huo huo honi ikalia, behewa likashtuka, na ukuta wa kituo ukaanza kurudi nyuma nje ya dirisha. Mzee Honi alisimama pale, mkono kwenye mlango. Alikuwa ameendesha treni miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo alikuwa amewatukana kwa majina yote watu wanaoruka treni inayotembea. Alikaa. Bwana Steshini naye alikaa, upande wa pili, karibu na mlango kadiri alivyoweza. Sindano alibaki katikati.

Vituo viwili vilipita. Halafu Mzee Honi alichungulia nje, akasema kama anayeliambia dirisha, "Amechelewa dakika mbili huyu dereva kijana."

"Tatu," Bwana Steshini alisema, bila kuinua macho kwenye saa yake.

"Kuna mlima mbele. Ataufuta huo muda."

"Mlimani hapafutwi muda. Wewe mwenyewe hukuwahi kuufuta."

"Mimi? Mwaka ule wa mvua kubwa niliufuta dakika sita!"

"Nne. Niliandika mwenyewe kwenye daftari la kituo. Na ulinikuta nimekuwekea chai, ukainywa imeshapoa kwa sababu ya majivuno."

Mzee Honi alifungua mdomo, na kwa kitambo kidogo sana Sindano aliona kitu usoni mwa baba yake ambacho hakuwahi kukiona: sura ya mtu anayemkumbuka rafiki. Kisha kikafungwa, kama mtu afungavyo dirisha moshi ukiingia.

Mkaguzi alikuja kukata tiketi. "Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bwana Steshini.

Mzee Honi alitoa tiketi bila kumtazama. Koleo la Mkaguzi likabana, *kwa*, na kutoboa. Sindano aliyaona hayo, na uvumilivu wa miaka mitatu ukamwishia pale pale.

"Baba, kijana amekusalimia."

"Nimemsikia."

"Anaondoka leo. Harudi. Ukimnyima marahaba leo hutapata nafasi nyingine ya kumnyima."

"Aende salama. Mtoto wa aliyetaka kuniua siwezi kumwita mkwe."

"Sikutaka kukuua," Bwana Steshini alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilikosea. Nilikiri siku ile, nakiri leo. Nilikupa shaba uliyokuja nayo. Lakini wewe hukuisoma."

"Niliisoma!"

"Ungeisoma ungeiona. Namba zilikuwa kubwa kama kidole gumba."

"Baba," Mkaguzi alisema, "basi."

"Sijamaliza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake imechukua miaka ishirini na saba, sijui ni njia gani hiyo! Mama yako alikufa akiamini nilimtuma mtu darajani. Alikuwa ananiuliza kila mara, *kwa nini ulimwambia nenda?* Nilimwapia sikusema. Aliniitikia tu, ndiyo mume wangu, kama unavyomwitikia mgonjwa."

Magurudumu peke yake yaliendelea na wimbo wao. Sindano alimgeukia baba yake, akamshika goti.

"Baba. Uliisoma?"

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa ameisema kwa baraza zima, wanasheria na wakubwa wa reli. Lakini alimtazama binti yake, akageuza uso dirishani, akasema, "Tunakaribia Kumi na Moja."

Hilo halikuwa jibu, na Sindano, aliyemjua baba yake kama anavyoujua uzi wake, aliuondoa mkono wake gotini. Mtu mkweli hakimbilii dirishani.

*

Kituo cha Kumi na Moja kilikuwa mwisho wa safari kwa wastaafu. Hapo wangepigwa picha, wangeagana na Bi Mkubwa, wangerudi kwa basi. Walioendelea walikuwa wafanyakazi na wanaohama. Jukwaa lilijaa watu waliokuja kuaga. Dereva wa siku hiyo, kijana aliyefundishwa kazi na Mzee Honi, alichungulia kutoka kwenye injini akaita:

"Mzee Honi! Njoo upokee shaba, mara ya mwisho! Bila wewe hatuondoki!"

Watu walipiga makofi. Mzee Honi alikwenda, miguu mizito, akapanda ngazi za injini hadi kidato cha pili. Mkuu wa kituo wa sasa, mama mmoja mwenye miwani, akamnyooshea ringi. Akaipokea.

"Haya, tupigie honi tuondoke!" dereva alisema akicheka.

Lakini Mzee Honi hakuondoka kidatoni. Alitoa miwani mfukoni, akaivaa, sikio moja kisha la pili. Aliisogeza ile shaba karibu na macho. Makofi yakapungua. Sindano alisimama chini na Mkaguzi ubavuni mwake. Bwana Steshini alikuwa nyuma yao hatua tatu, na hakuna aliyethubutu kugeuka kumtazama.

"Kumi na moja," Mzee Honi alisoma kwa sauti. Alipitisha kidole juu ya namba. "Kwenda... kumi na mbili."

"Sawa, njia ni yako!" mama mkuu wa kituo aliitikia, kama kanuni inavyotaka.

"Hivi ndivyo inavyosomwa," alisema Mzee Honi. "Siku ile sikuisoma."

Kuna waliodhani ni hotuba, wakatabasamu. Aliendelea kumtazama mtu mmoja tu katika umati ule.

"Alikuja mbio na ringi, nami treni nimeshaiachia. Alikuwa amepigiwa simu. Akaniambia kwa sauti, umepata binti! Akawa anaendelea kusema kitu kingine, mimi nimeshaweka ringi begani na nimeshika honi. Nilipiga honi kwa furaha, si kwa kuonya mtu. Walinipa cheti kwa honi ya kumpokea mwanangu. Sikuisoma shaba. Hakuniambia nenda. Msaidizi wangu alisema nilivyomwambia aseme, Mungu amrehemu, na mimi nilisema uongo kwa sababu nilikuwa na mtoto wa siku moja na niliogopa kufukuzwa."

Alishuka ngazi. Alimrudishia dereva ringi mkononi, akamjia Sindano. Kumbe, alifikiri Sindano. Kumbe zile siku zote alizojifungia chumbani hakuwa akiikumbuka ajali. Alikuwa akikimbia sura yangu. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga, vyote kwa mikono ile ile.

Mzee Honi alimgeukia Mkaguzi. "Marahaba, kijana," alisema. "Marahaba kwa zote nne. Binti huyu radhi yangu anayo. Nilikuwa nakunyima haki ambayo hata haikuwa yangu."

Mkaguzi alifumba macho. Sindano alimshika mkono mbele ya baba yake kwa mara ya kwanza, na kwa muda wa pumzi moja dunia yote ilikuwa imekaa sawa.

Kisha Bwana Steshini akasema, "Mimi nakataa."

Alisema taratibu, akirudisha saa yake mfukoni. "Nimesubiri maneno hayo miaka ishirini na saba. Nilidhani nikiyasikia nitapona. Sasa nimeyasikia, na mke wangu bado yuko kaburini na hajayasikia. Mtoto wa nyumba ile hatakanyaga kwangu." Akapanda behewa la tatu bila kugeuka.

"Baba!" Mkaguzi alitaka kumfuata. Kisha akarudi kwa Sindano, uso umemwiva. "Twende. Nitazungumza naye tukifika. Akikataa, akatae. Mimi ni mtu mzima."

"Hapana."

"Hapana nini? Baba yako amekubali!"

"Na wako amekataa. Miaka mitatu nilikwambia sitoki bila radhi ya mzazi, ukanivumilia. Leo wewe utoke bila ya kwako, mimi nishangilie? Nitakuwa mtu gani?"

"Kwa hiyo ndiyo basi? Honi moja tu imebaki, Sindano!"

Alilia sasa. Machozi yake, kwa mara ya kwanza, yalikuja kwa wakati. Alimtazama baba yake, ambaye watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa kuliko ilivyohitajika; wenzake wa miaka yote walikuwa wanatazama viatu vyao. Alitamani kubaki amshike mkono mpaka nyumbani. Mzee akatikisa kichwa.

"Mimi nina basi," alisema. "Nenda. Nimeshakuchelewesha vya kutosha."

Honi ikalia. Sindano alimbusu baba yake kwenye paji la uso, akachukua mfuko wake wa nyuzi, akapanda. Mkaguzi alimfuata kwenye ushoroba akihema.

"Umesema huendi!"

"Nimesema siendi bila radhi. Nakwenda kuitafuta. Wewe endelea na kazi yako."

"Huna tiketi ya kupita Kumi na Moja."

"Niandikie faini," alisema, akafungua mlango wa chumba namba nne, akaufunga akamwacha nje.

Bwana Steshini alikuwa amekaa dirishani. Nje, nyumba ya kituo aliyowahi kuishi, sasa imepakwa rangi nyingine, ilikuwa inapita.

"Shikamoo, mzee," Sindano alisema.

Hakujibu. Sindano akakaa mbele yake.

"Nitakaa hapa mpaka mwisho wa njia. Ukiendelea kukataa, kesho nitapanda Bi Mdogo nirudi, na mwanao sitamwiba. Lakini shikamoo yangu naiacha hapa. Mwanao aliiacha kwetu miaka mitatu haikuoza."

Daraja likafika, kona ile ile, vyuma vikanguruma chini yao, likapita. Kituo cha kumi na mbili kikapita, na cha kumi na tatu. Sindano aliona ule mshono alioukatiza asubuhi, uzi bado unaning'inia kwenye kona ya kiti, karibu kabisa na goti la mzee. Alitoa sindano yake, akapiga magoti sakafuni, akaanza kuumalizia. Mzee alisogeza mguu kumpisha. Alishona taratibu, machozi yakidondokea kwenye ngozi, akiyafuta kwa kiganja na kuendelea. Alifunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Marahaba," alisema Bwana Steshini.

Sindano hakuthubutu kuinua kichwa.

Mzee alikuwa bado anatazama nje, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu anayejizuia asipige kelele kwenye jukwaa lililojaa watu.

"Kilo tatu na robo," alisema. "Na mama yako alikuwa mzima. Hayo ndiyo niliyokuwa namwambia baba yako. Nilikimbia na treni mpaka mwisho wa jukwaa, hakunisikia kwa ajili ya ile honi."